Kipofu wa Kendil

Bogor, 6 Juni 1994

Kwako Baba Mkubwa Kasirun,

Salamu nyingi kutoka kwa mgeni wenu wa mwezi mmoja, na zimfikie Lasmi mkaza mwanao pamoja na kuku wake wote. Nilifika salama, ila mgongo bado unanidai zile saa kumi na sita za basi.

Nimemweka chini ya darubini yule mdudu niliyemkuta akielea kwenye mtungi wa maji jikoni kwenu, yule Lasmi aliyeniambia ni punje ya mchele iliyoota miguu. Anafanana na nge, lakini hana mkia wala mwiba. Magando yake ni marefu kuliko mwili. Macho hana kabisa. Mahali pa macho pako laini tu, kama kisigino cha mtoto. Wa namna hii hukaa pangoni vizazi na vizazi mpaka macho yanaacha kuota. Nimepekua vitabu vyote tulivyo navyo, hayumo. Hakuna aliyewahi kumwandika.

Nilipokuuliza katoka wapi, ulisema lazima aliniganda kwenye nguo siku tuliyotoka Pango la Kendil. Nami naona hivyo. Shida ni kwamba huyu ni jike, tena kakatika mguu. Bila dume siwezi kumtangaza. Na kampuni ya saruji imeshapigilia vigingi mlima mzima wa Kendil. Kamati ya mkoa imesema mlima wenye kiumbe asiyepatikana pengine duniani utatolewa kwenye ramani ya machimbo. Mlima wenu unamsubiri huyu dume.

Nimetuma vichupa sita vya spiriti, brashi, na penseli. Lebo iandikwe kwa penseli, wino unayeyuka. Mkataba wangu unaisha Desemba, na mkuu wangu ameanza kunisalimia kama mtu anayeaga. Nisaidie, Baba.

Binti yako,
Endah Palupi

*

Kijijini Ngluwur, Jumapili Pon, 3 Julai 1994

Binti yangu Endah,

Sisi wazima, tunakula makopa na panzi wa kukaanga. Naandika leo kwa sababu Pon, kila siku ya tano, ni siku ya soko, na muuza pilipili atanifikishia barua posta.

Nimeingia Kendil mara tatu. Ukavu wa mle sijawahi kuuona. Hata popo wanakohoa. Nimefunua mawe mpaka magoti yakanigomea. Nimepata mende, buibui, na kiatu kimoja cha mpima ardhi wa kampuni, mguu wa kushoto. Dume wako hayumo.

Lasmi anatangaza kisimani kwamba baba mkwe wake uzeeni amekuwa mshenga, anamtafutia mdudu mume. Wanawake wakiniona wanaziba midomo kwa vitambaa. Mimi nimewazoea. Ila nikikumbuka ulivyolala mwezi mzima kwenye mkeka wangu mbovu bila kulalamika, naona aibu kukuandikia kwamba sina kitu. Usikate tamaa. Nitajaribu tena.

Kasirun

*

Bogor, 1 Agosti 1994

Baba Mkubwa,

Pole sana na magoti. Sikutaka kukusumbua tena, lakini maji yamenifika shingoni. Kamati inakaa Novemba. Mkuu wangu amesema mbele ya wenzangu wote kwamba mtafiti wa miaka kumi na miwili kazini asiye na hata mdudu mmoja wa kwake ni mfagizi mwenye darubini. Walicheka. Nami nilicheka nao, nikaenda kujifungia chooni.

Jaribu mahali penye unyevu. Hawa hawapendi ukavu. Akiguswa hurudi kinyumenyume mbio, kwa hiyo weka kichupa nyuma yake, usimfukuze kwa mbele.

Kama haiwezekani, niambie tu haiwezekani. Sitakulaumu.

Endah

*

Ngluwur, Jumatatu Pon, 22 Agosti 1994

Binti yangu,

Ndani ya boksi kuna vichupa viwili. Nimeandika lebo kwa penseli kama ulivyosema: Pango la Kendil, jiwe la tatu kushoto, 21 Agosti.

Naandika kifupi, vidole bado vina ganzi ya baridi. Usinishukuru.

Kasirun

*

Bogor, 12 Septemba 1994

Baba Mkubwa,

Dume. Madume wawili, wazima mpaka unywele wa mwisho kwenye magando. Mlango wangu ulikuwa umefungwa, nikalia kama mjinga.

Nilitaka kukuuliza kama uliwakuta pakavu. Basi, acha, si lazima ujibu. Lebo inatosha. Naanza kuchora leo.

Endah

*

Bogor, 2 Mei 1995

Baba Mkubwa,

Samahani kwa kimya. Sijawahi kuchoka namna hii.

Habari zenyewe ni nzuri. Mdudu ametangazwa, jarida limechapishwa, nakala yako hii hapa. Nimempa jina la mlima wenu. Kwenye vitabu vya dunia nzima atakuwa kipofu wa Kendil. Nilitaka kumpa jina lako, nikajua utanisuta. Kamati imekubali: Mlima Kendil umetoka kwenye ramani ya machimbo, hautaguswa. Na mimi nimepewa ajira ya kudumu, na meza iliyo karibu na dirisha.

Mngefanya hata karamu ndogo ya kumshukuru Mungu. Niwekeeni sahani.

Endah

*

Ngluwur, Jumanne Pon, 13 Juni 1995

Binti yangu Endah,

Karamu tulifanya. Mkuu wa kijiji alihutubia mpaka wali ukapoa, akasema Ngluwur sasa inajulikana Ulaya. Watoto wamechora mdudu wako ukutani mwa shule, wamemwekea macho makubwa, mwalimu akasema yafutwe. Sahani yako ilikuwepo. Chakula chake kililiwa na mbuzi.

Vigingi vya Kendil vimeng'olewa, na kwa macho yangu nimeona vikipigiliwa mlima wa pili, Wungkal, ule ulio mgongoni mwa nyumba yetu. Wapima ardhi ni walewale. Yule wa kiatu nilimrudishia.

Nina swali la kizee. Mdudu akishapewa jina, halafu ikaonekana jina limekosewa, mnalibadilisha vipi? Nauliza tu.

Kasirun

*

Bogor, 3 Julai 1995

Baba Mkubwa,

Halibadilishwi. Ndiyo sheria yetu. Jina likishachapwa limechapwa, hata likiwa la uongo. Wapo wadudu wenye majina ya miji wasiyowahi kuikanyaga, kwa sababu mtu mmoja alichanganya lebo.

Kuhusu Wungkal, nimeisoma ripoti yote. Imeandikwa hakuna pango, hakuna maji, hakuna kiumbe wa pekee. Hata ramani za zamani hazionyeshi tundu lolote. Kama mngekuwa na kitu kule ningekwisha kukiona, nimelala kwenu mwezi mzima. Pumzika, Baba. Umefanya kazi ya kutosha.

Endah

*

Ngluwur, Jumamosi Legi, 9 Septemba 1995

Endah,

Leo si siku ya soko. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe kwa miguu, kwa sababu sitaki muuza pilipili aishike.

Sijui nianzie wapi. Wanaponiita mshika ufunguo wewe ulidhani ni ufunguo wa Kendil. Kendil haina mwenyewe, anaingia kila mtu. Mimi ni mshika ufunguo wa Sendang. Ni pango lililo ndani ya Wungkal, mdomo wake umezibwa kwa mawe na miiba, na chini kuna maji ambayo hayajawahi kukauka. Kijiji kizima kinakunywa hapo kiangazi. Ulidhani tunakunywa ya tangi la mvua. Wanawake walikuwa wanakwenda alfajiri kabla hujaamka, na ulipokuwa ukiamka mapema Lasmi alikuwa anakushika kwa chai. Yule mdudu wa mtungini aliletwa na ndoo.

Ufunguo wenyewe ni mdomo wangu. Nilikula kiapo mbele ya baba yangu, naye mbele ya babu, kwamba sitamwonyesha wala kumtajia mtu asiyezaliwa hapa au kuolewa hapa. Wakati wa Wajapani watu walijificha mle miezi mitatu. Mwaka wa njaa ulipokuja, vijiji vitatu vilikuja na visu kutafuta maji, wakamkuta babangu ameketi mlangoni anasuka kikapu. Walimpiga. Hakusema.

Sasa mimi ningekuambia nini? Kukukatalia nilishindwa. Ulikuwa umeomba kwa adabu, mara mbili, na kwetu mtu kama wewe hajibiwi hapana. Basi nikaingia Sendang, nikawachukua madume chini ya jiwe la tatu kushoto, karibu na maji. Jiwe ni la kweli. Niliandika Kendil. Nikajiambia mdudu ni mdudu, mlima ni mlima, mlima utapona na binti atapata kazi yake, na kiapo hakijaguswa. Nilijiona mwerevu mno.

Kumbe nimewapa Wungkal kwa mkono wangu. Kendil iliyo tupu imelindwa, na Sendang kwenye karatasi zao haipo, kwa kuwa sisi wenyewe tumekaa miaka mia tukihakikisha haipo. Wanaanza kulipua baada ya masika.

Nikifungua mdomo, nimevunja kiapo na nimekuharibia jina. Nikinyamaza, Lasmi atateka vumbi. Nimekuwa nikilala nikiamka na hili tangu Juni. Nimechoka, mwanangu. Nisamehe au usinisamehe, lakini niambie la kufanya.

Kasirun

*

Bogor, 25 Septemba 1995

Baba Mkubwa,

Nilijua.

Sikujua Sendang, wala sikujua kwamba ni maji yenu. Lakini nilijua kwamba madume wale hawakutoka Kendil. Kwenye kichupa cha pili kulikuwa na mguu wa kamba. Kamba mdogo wa maji baridi, mweupe, naye hana macho. Ulikuwa umeniandikia kwamba ndani ya Kendil hata popo wanakohoa. Kamba angeishi wapi mle?

Niliuona ule mguu tarehe kumi na mbili Septemba, nusu saa kabla ya kukuandikia ile barua ya furaha. Nikaanza kukuuliza, nikaogopa utanijibu. Kwa hiyo nikakuambia usijibu. Mguu nikautupa kwenye sinki.

Usijibebeshe peke yako. Wewe ulidanganya ili usinivunje moyo na usivunje kiapo. Mimi nilidanganya ili nipate meza ya dirishani. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa hapo hapo, na nimeona aibu ambayo sijui niipeleke wapi.

La kufanya lipo moja. Nitaandika masahihisho, kwa jina langu, kwenye jarida lile lile. Lakini kamati haitaniamini tena kwa maneno, na haki wanayo. Watataka wakaguzi wawili waingie Sendang na kumwona kwa macho yao. Mtu wa kuwaonyesha mdomo wa pango ni wewe tu. Siwezi kukuomba hilo. Safari hii kukataa kunaruhusiwa, na uniandikie hapana kwa herufi kubwa.

Endah

*

Ngluwur, Jumapili Pon, 5 Novemba 1995

Binti yangu,

Kwanza nilikukasirikia siku tatu. Lasmi aliniuliza mbona napiga shoka ukuni ambao umeshapasuka. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na uchovu wangu wa kawaida.

Nimewaambia wazee. Tulikaa kutwa nzima. Mzee Parto akasema tukufanyie karamu uwe mtoto wa kijiji, hapo nikikuonyesha sijavunja kitu. Wote wakafurahi. Nikawauliza, na wakaguzi wawili je? Wa serikali, mmoja anatoka Sumatra. Nao tuwazae? Mwishowe yule mjane wa Kromo, ambaye hajawahi kuongea mkutanoni, akasema yeye ana miaka sabini na amebeba ndoo tangu ana sita, na hayuko tayari kuanza kubeba kiapo kisicho na maji ndani. Ndiyo ikawa hukumu.

Lakini desturi ni desturi. Mshika ufunguo akimwonyesha mgeni mdomo wa pango, siku hiyo hiyo si mshika ufunguo tena. Anakabidhi, na haingii tena mpaka kufa kwake, wala aliyeshika haruhusiwi kumwambia lililomo. Wamemchagua Lasmi. Mwanangu yuko Jakarta anajenga maghorofa, hana habari. Lasmi alisema yeye ni mwoga wa giza, wakamwambia atazoea.

Miaka thelathini na mmoja nimeingia mle. Njooni tu.

Kasirun

*

Ngluwur, Jumatano Pon, 17 Julai 1996

Binti yangu Endah,

Ulipokuja Mei na wakaguzi wako hatukupata hata nafasi ya kusalimiana vizuri. Niliwaondolea miiba, mkaingia na Lasmi, mimi nikakaa nje na viatu vyenu. Mlipotoka wakakusukuma garini kabla chai haijamiminwa. Uliniangalia kupitia kioo. Sikujua umeona nini.

Barua ya kamati imefika: Wungkal haiguswi. Na kwa kuwa Kendil haina kitu, Kendil imerudishwa kwenye machimbo. Wameanza wiki iliyopita. Wanalipua saa nne na saa tisa, kuku wa Lasmi wameacha kutaga. Nimesimama uani nikaona bega la mlima likishuka taratibu, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa. Niliuonea huruma, mlima wa watu haukuwa na kosa. Hata mdudu wa jina lake hakuwahi kuingia.

Nimesikia kwa mwalimu kwamba umeondoka kazini, unafundisha sekondari. Hukuniambia. Pole, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuandikia ile lebo.

Sasa nina ombi, na ni la aibu. Lasmi haniambii kitu. Asubuhi naona ndoo zimejaa, nikimuuliza maji yamefika wapi ananijibu, "Baba, mdomo ndio ufunguo," maneno yangu mwenyewe, kisha ananipikia chai kwa hayo maji. Namsifu na namchukia. Wewe hujala kiapo chochote. Ukutani upande wa kushoto nilichonga mistari, kila mwaka wa kiangazi kikali mstari wake, kuonyesha maji yalipoishia. Wa chini kabisa aliuchonga baba yangu mwaka wa njaa. Juu yake kidogo ni wangu, mwaka aliofariki mke wangu Tumirah. Mwaka ule tulibanwa, lakini tuliuvuka. Mwezi Mei maji yalikuwa mstari wa ngapi? Na yule mdudu, bado yupo, au niliwamaliza?

Usiniandikie cha kunifurahisha.

Kasirun

*

Bogor, 2 Agosti 1996

Baba Mkubwa,

Sitakufurahisha.

Maji yalikuwa vidole vinne juu ya mstari wa pili kutoka chini, ule wa mama Tumirah. Nilipima kwa vidole vyangu, na vyangu ni vyembamba, kwa hiyo kwako ni vitatu. Kwa mwezi Mei ni kidogo. Lasmi alilijua hilo, ndiyo maana hazungumzi. Si kiapo peke yake. Mwambieni mkuu wa kijiji aanze kugawa ndoo kwa zamu sasa hivi, asingoje Septemba. Mstari ule mliwahi kuuvuka.

Mistari yako niliihesabu yote kwa mkono. Ni kumi na mmoja. Karibu na maji kuna jiwe lililolainika katikati, Lasmi akasema hapo ndipo ulipokuwa ukikaa. Nilikaa. Wakaguzi walikuwa wanapiga picha, hawakuniona.

Kisha nikafunua jiwe la tatu kushoto. Hapakuwa na kitu. Nikafunua jingine na jingine mpaka nikaanza kukata tamaa, yule wa Sumatra akaanza kutazama saa. Kwenye jiwe la tisa alikuwepo mmoja. Jike. Taa ilimpiga usoni na hakushtuka, maana taa kwake si kitu. Pumzi yangu ndiyo iliyomshtua. Alirudi kinyumenyume, akasimama, akanyoosha yale magando kuelekea kwangu kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba yake. Wakaguzi wote wawili walimwona. Nilikuwa na kichupa mfukoni. Sikukitoa. Nilirudisha jiwe polepole, upande ule ule.

Kazi niliiacha mwenyewe kabla hawajaniambia. Wanafunzi wangu ni wakorofi, wananiita Mama Kunguni. Jioni nikifika nyumbani nimechoka hoi, lakini nalala. Kwa miezi minane ile ya meza ya dirishani nilikuwa silali.

Jina lake nilikwisha kukuambia, halitabadilika. Atabaki kipofu wa Kendil hata Kendil yenyewe ikiwa imeshakuwa kuta za watu Jakarta, labda mwanao anazijenga. Hilo siwezi kulirekebisha. Nililoweza ni hili: ndani ya bahasha kuna kichupa kitupu na lebo. Nimeiandika kwa penseli. Ni yako, usimwonyeshe mtu, iweke karibu na mtungi.

Imeandikwa:

Pango la Sendang, Mlima Wungkal. Jiwe la tisa kushoto. 21 Mei 1996. Jike mmoja, mzima. Mlinzi wa pango, Kasirun, alikuwa nje. Mdudu hakuchukuliwa.

Binti yako,
Endah